Mama Anayesomea Jikoni

Nyumba ya binti yangu Rozina iko Katandala, hapa hapa Sumbawanga mjini, na mimi babu yenu nakaa humo tangu miguu ilipoanza kunigomea. Asubuhi zetu zinafanana. Baridi ya huku mnaijua, haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya blanketi. Rozina anaamka kabla ya watu wote, anawasha jiko la mkaa, anabandika uji wa ulezi, halafu anaichukua simu yake na kuiegemeza kwenye kopo la sukari. Simu inaanza kusema. Ni mwalimu wa chuo, anafundisha. Rozina anakoroga uji huku anasikiliza, anaosha vikombe huku anasikiliza, mara anaisimamisha sauti, anafuta mikono kwenye kanga, anaandika kidogo, anaendelea.

Binti yangu ni mhudumu wa afya. Anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu habari za vyoo, za maji ya kuchemsha, za chanjo za watoto. Akaona elimu aliyonayo haimtoshi, akaomba kusoma shahada ya afya ya jamii kwa masafa. Maana yake chuo kiko mbali huko, wewe uko kwako. Masomo yanakuja kwa simu, kazi unaandika na kutuma kwa simu, mitihani ndiyo unakwenda kuifanyia kituoni. Mimi niliishia darasa la nne, mambo hayo sikuyaelewa upesi. Lakini macho ninayo. Nilimwona mtu anasoma.

Wengine hawakuona kitu, walicheka tu. Hata mjukuu wangu Winifrida, mtoto wa Rozina, alikuwa anaona aibu. Yuko darasa la sita. Wenzake shuleni walikuwa wakimwambia, "Wini, eti mama yako anapewa kazi za nyumbani kama sisi? Akikosa anachapwa na nani, babu yako?" Basi anarudi nyumbani kavimba. Mama yake akimwambia apunguze sauti ya redio, anabetua midomo.

"Mama, somo gani hilo na wewe unamenya viazi?"

"Masikio hayamenyi viazi, mwanangu. Punguza redio."

Winifrida anapunguza, lakini kidogo tu, ili ijulikane kwamba hakupenda.

Sasa niwaambie habari za Leonidas. Mniwie radhi, kila nikilitaja jina hilo mdomo unanichachuka. Leonidas ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo ni kaka wa Rozina, na Winifrida anamwita mjomba. Ana kazi ya ofisini. Kazini kwake walimwambia bila shahada hapandi cheo, naye akajiandikisha chuo kile kile cha Rozina, masomo yale yale. Kujiandikisha tu, akanunua tai. Kabla hata hajafungua somo la kwanza akataka mtaa mzima umwite Daktari. Daktari wa nini, jamani? Masomo yenyewe hayatoi daktari, na hata hicho yanachotoa alikuwa bado hajakipata! Halafu choo cha nyumbani kwake hakina mlango. Kina gunia. Nawaambia kweli, gunia. Mtu anasomea afya ya jamii, na wewe mgeni ukiingia chooni kwake lazima uimbe, watu wajue umo ndani.

Alikuwa akija kwetu anasimama mlangoni, hakai, anaogopa kigoda chetu kisiichafue suruali yake.

"Dada Rozina, chuo chako cha jikoni kinaendeleaje?"

"Kinaendelea, kaka. Chako je?"

"Aa, mimi nasoma kisomi. Siyo mambo ya masufuria."

Kumbe kusoma kwenyewe hakuna. Kazi zake zote alikuwa anawapa vijana fulani mjini wamwandikie, yeye anaweka jina. Hata kusoma walichomwandikia ilikuwa kazi.

Ilipofika mwaka wa tatu, chuo kikawapa kazi kubwa. Kila mwanafunzi aende kijijini, atafute jambo moja linaloharibu afya za watu, ajaribu kulibadilisha, halafu aandike alivyofanya na alichokiona. Kazi hiyo ukianguka, umeanguka, shahada huipati. Rozina akachagua kijiji chetu cha asili, upande wa kwenda Chala.

Kule kijijini wazee wenzangu wana kimpumu. Hiyo ni pombe ya ulezi, inakaa kwenye chungu, inaongezwa maji ya moto, inanyonywa kwa mrija. Si kitu cha watoto, msiende kusema babu kawafundisha. Rozina hakwenda kugombana na chungu. Aliutazama mrija. Mrija ulikuwa mmoja, unazunguka midomo yote, ukianguka chini unafutwa kwenye suruali, safari inaendelea. Na kuhara kijijini kulikuwa hakukatiki. Lakini desturi yetu ndiyo hiyo, mwenzako akikupa mrija aliotoka kuunyonya, ukaukataa, umemtukana. Ni kama umesema ana uchafu, au umesema ni mchawi.

Rozina alianza kwa kukosea. Alikwenda na picha kubwa za vijidudu, akazitundika, akawahutubia. Wazee wakamsikiliza kwa heshima zote, wakampigia makofi. "Ndiyo, mwanetu. Tumekuelewa. Asante sana." Akarudi safari nyingine, mrija ni ule ule. Akahutubia tena. "Ndiyo, mwanetu. Kweli tupu." Akarudi, mrija ule ule. Akaja kwangu machozi yanamlengalenga.

"Baba, kwani wazee wananidharau?"

"Hawakudharau," nikamwambia. "Sisi wazee wa huku hatuwezi kumwambia mtu hapana usoni, tunaona tunamvunja moyo. Tunakupa ndiyo yako uende nayo salama, halafu tunaendelea na mambo yetu."

Basi akaacha kuhutubia. Akawafuata akina mama wanaopika ile pombe, akakaa nao, akawasaidia kuchambua ulezi. Akawauliza, maji si mnachemsha kila siku ya kuongezea chunguni? Kwa nini mirija isianze kuchemka humo? Na kwa nini kila mzee asiwe na mrija wake, umefungwa uzi wa rangi yake? Akina mama wakajaribu. Nyie, wazee walivyofurahi! Felisiani, rafiki yangu wa tangu utoto, alichukua uzi wa njano, akawa anaringa nao kama bwana harusi. Mtu mwenye mrija wake nani atampa mwingine? Hakuna anayekataliwa, hakuna anayetukanwa. Heshima ikabaki palepale na uchafu ukaondoka. Kuhara kukapungua, akina mama wenyewe ndio waliosema.

Rozina akaandika yote hayo kwenye simu, kwa kidole gumba, mpaka kidole kikavimba. Alipomaliza akasema, "Nitaisoma tena Jumapili baada ya misa, ndipo niitume."

Jumamosi akaenda sokoni, simu akaiacha kwenye chaji. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naota jua. Leonidas akaja, akamkuta Winifrida peke yake sebuleni. Haya ninayowaambia ni maneno aliyokuja kuyasema Winifrida mwenyewe baadaye.

"Wini, mama kaacha simu?"

"Ndiyo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nirushie ile kazi yake ya kijijini. Nataka nimsahihishie makosa."

Winifrida akasita. "Labda nimwulize mama kwanza."

"He! Mjomba akikutuma unaenda kuuliza? Ndiyo adabu mnayofundishwa hiyo? Na kitu chenyewe ni nini, Wini? Si habari za mirija ya walevi tu! Au wewe unaona kuna elimu pale?"

Winifrida akacheka. Akaona kweli, elimu gani pale? Akaichukua simu ya mama yake, akaituma ile kazi.

"Sasa futa hapo ulipotuma," Leonidas akamwambia, "usije ukamchanganya mama yako."

Huku kwetu mtoto anatumwa na mtu mzima yeyote, hilo silikatai. Lakini Winifrida mwenyewe alisema kwamba aliposikia hilo neno la kufuta, moyo ulimdunda. Alijua. Akafuta hivyo hivyo.

Leonidas akaweka jina lake juu, akaituma chuoni kabla jua halijazama. Rozina akatuma ya kwake Jumapili jioni. Haukupita muda mrefu chuo kikajibu. Kazi mbili zimekuja zinafanana neno kwa neno, na ya Rozina ndiyo iliyokuja nyuma. Kama itaonekana kweli ameiba kazi ya mwenzake, anafukuzwa chuo, miaka yote mitatu inakwenda na maji.

Alizisoma habari hizo pale pale jikoni. Uji ukaungua, hakuna aliyeuepua. Winifrida alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule, akaelewa kila kitu, akanyamaza. Aliogopa.

Na yule mtu hakuwa na haya. Jioni akaja, akasimama mlangoni kama kawaida yake. "Dada, nasikia umenakili kazi yangu. Pole sana. Ungeniomba tu ningekusaidia, sisi si ndugu?"

Rozina alimtazama kuanzia viatu mpaka tai, akarudi kumenya viazi. Mimi nilitafuta fimbo yangu. Bahati yake sikuiona upesi.

Tangu hapo Winifrida akawa hali chakula. Ukimuuliza, "Wini, unaumwa?" anajibu, "Hapana, babu," anaangalia pembeni. Redio akawa hawashi kabisa. Mama yake naye akawa haweki tena simu kwenye kopo la sukari, na jikoni kukawa kimya kama nyumba yenye msiba.

Chuo kikamtuma msimamizi wake, Mama Hellena, mtu mzima, mpole, akutane kijijini na wanafunzi wote wawili, awaulize wazee wenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa, nikasema nakwenda, na Winifrida akasema anakwenda.

Tulipofika tukamkuta Leonidas amewahi. Na hapo ndipo nilipomdharau vizuri. Mtu ambaye mjini hakai kwenye kigoda changu, leo amepiga magoti mavumbini na suruali yake, anapiga makofi, anawasalimia wazee mmoja mmoja kwa Kifipa kizuri ambacho sikujua kama bado anakikumbuka.

Mama Hellena naye akafika, akawaamkia wazee, akakaa, akauliza waziwazi. "Wazee wangu, kati ya hawa wawili, nani alikuja hapa kwa habari za mirija?"

Felisiani akakohoa. "Hawa wote ni watoto wetu, mama."

"Nimeelewa, mzee. Lakini nani alikuja?"

"Rozina alikuja."

"Na huyu?"

Felisiani akamtazama Leonidas pale chini alipopiga magoti. Mtoto wa ukoo, mbele ya mgeni. Ungemtia aibuje?

"Naye alikuja," akasema.

"Alitangulia nani?"

"Aa, mama, watoto wetu hawa hawana wa mbele wala wa nyuma."

Na wazee wengine wote, "Ndiyo, ndiyo. Ni watoto wazuri."

Nikajua wameshaanza. Rozina naye alijua, hiyo ilikuwa "ndiyo" ile ile aliyopewa yeye wakati wa picha za vijidudu. Mimi nikainua mkono. "Wewe ni nani, mzee?" Mama Hellena akaniuliza. Nikasema, "Baba yake Rozina." Akatabasamu, akaniambia nikae, kwa maana baba atasema nini tena?

Akamgeukia Rozina. "Una neno?"

"Siwezi kusimama mbele ya wazee wangu niwaambie wamekosea," Rozina akasema. "Ila kazi ni yangu."

"Basi," Mama Hellena akasema taratibu, anaanza kukusanya vitu vyake, "kama kijiji kinasema wote walikuja, mimi nitachukua kwamba ile iliyotangulia kufika chuoni..."

"Nilimpa mimi!"

Watu wote wakageuka. Winifrida alikuwa amesimama, mikono ameificha nyuma, anatetemeka kama mtu wa homa. Kwa desturi yetu mtoto haropoki mbele ya wazee, na yeye analijua hilo.

"Kazi ni ya mama," akasema. "Mjomba alikuja mama hayupo, akaniambia nimrushie, nikamrushia. Akaniambia nifute, nikafuta. Nilijua ni vibaya, nikanyamaza."

Leonidas akacheka kicheko chake cha ofisini. "Mama Hellena, unaona? Mtoto kafundishwa huyu. Si mtoto wake?"

"Sikufundishwa, mjomba. Wewe ulisema hakuna elimu pale, ni habari za mirija ya walevi tu." Akawageukia wazee, machozi yanamtiririka. "Na mimi nilicheka, babu zangu. Nisameheni."

Felisiani akainuka, na kuinuka kwa Felisiani si kazi ndogo, magoti yake yanalia. Akavua kofia.

"Mama mgeni," akasema, "nilikuambia uongo. Huyu bwana hakuja kwa mirija hata siku moja. Amekuja leo asubuhi, akatupigia magoti, akatuomba tusimwaibishe mbele yako. Tukaona ni mtoto wetu, tumfichie. Lakini sasa mtoto wa darasa la sita ameikubali aibu mbele ya kijiji kizima ili aseme kweli, na mimi mwenye mvi nimekaa hapa nailinda tai ya mtu. Aliyekaa na wake zetu akachambua ulezi ni Rozina. Peke yake."

"Ni Rozina," wazee wakasema, na safari hii hawakusema ndiyo ya kumsindikiza mgeni. Mmoja akaongeza, "Halafu anatuita walevi!"

Leonidas akaniangalia mimi. "Baba mkubwa, sema basi."

"Niseme nini? Mimi ni baba yake Rozina, nimeambiwa nikae. Nimekaa."

Aliinuka pale chini na magoti yake mekundu kwa vumbi, akapanda bodaboda hata bila kuaga. Chuo kikaitupa kazi yake, na yeye mwenyewe kikamwondoa. Kazi ya Rozina ikapokelewa, na sasa anaelekea kumaliza. Leonidas bado yupo mjini, na watu bado wanamwita Daktari. Ila wakishamwita wanatazamana, na yeye anaharakisha mwendo. Mimi simchukii. Kumchukia mtu ni kumpa kazi moyoni mwako, na huyo hastahili hata kazi hiyo.

Jioni ile tulirudi Katandala tumechoka. Winifrida alikaa karibu na jiko. Mwishowe akauliza, "Mama, umenisamehe?"

Rozina aliongeza mkaa, akamgeukia.

"Nilikusamehe pale pale uliposimama," akasema. "Lakini niambie kitu kimoja. Mjomba angekuambia umrushie picha zako za Komunyo, ungemrushia bila kuniuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Winifrida akainamisha kichwa. "Kwa sababu hizo ni za maana."

"Umeona sasa. Hukumpa mjomba kazi yangu kwa sababu alikutuma. Ulimpa kwa sababu ulishaidharau. Kitu ukikidharau, huoni kama umekiiba, unaona umekitupa tu."

Mtoto akalia, na mama yake akamwacha alie mpaka akamaliza. Sikuingilia. Alipotulia ndipo nami nikasema la kwangu, na ninyi wajukuu zangu wengine ndilo nawaachia. Nikamwambia, "Wini, mtu anayejifunza usimcheke mahali anapojifunzia. Awe darasani, awe jikoni, awe na miaka sita au sitini. Kama roho yako inakuwasha lazima umdharau mtu, basi mdharau yule anayetaka sifa ya kazi asiyoifanya. Na siku ukijikuta mtu huyo ni wewe, fanya kama ulivyofanya leo. Simama, useme, hata kama sauti inatetemeka."

Winifrida akafuta uso. Kisha akainuka, akachukua kisu, akavuta bakuli la viazi mbele yake.

"Mama," akasema, "nitamenya mimi. Wewe nenda kasome."